Jani la Sale

Hela za kahawa zilipotea Jumamosi,
noti mbili za elfu kumi,
na mimi ndiye niliyeonekana nikitoka chumbani.
Baba hakuuliza mara mbili.
Nilikuwa na miaka minane, Nkweshoo, katikati ya masika,
maji ya mfereji yakipita nyuma ya jiko
kwa kelele kubwa kuliko kilio changu.

Usinione nimeanza na fimbo
ukadhani nyumba yetu ilikuwa ya fimbo.
Ilikuwa nyumba ya majina.
Kila usiku Mama Aikande alitupeleka kwa Mungu mmoja mmoja,
kama mtu apimaye unga kwa kibaba, asipunje:
Nsia na sikio lake linalotoa usaha,
mimi na hesabu zangu,
Godlisten aliyekojoa kitandani kila alfajiri.
Hilo Mama hakulitaja, hata kwa Mungu.
Alisema tu, "Na Godlisten, umpe usingizi mtamu,"
na asubuhi godoro likaanikwa ndani kabisa ya migomba,
pasipofikiwa hata na jirani mwenye shingo ndefu.
Ndugu yangu amekua bila kujua
kwamba ile ingeweza kuwa aibu.

Sasa basi. Jumapili, ibada ya kwanza, sadaka inapita,
Baba anafungua kitabu chake cha nyimbo
na noti mbili zimelala humo, zimenyooka,
alipoziweka mwenyewe zisikunjike.
Nilimwona.
Aliniona nimemwona.
Kwaya ikaimba beti zote nne, midomo yake imefungwa.

Mchana kutwa hakusema neno.
Alikata majani ambayo ng'ombe hawakuyahitaji.
Mtori ukapoa mbele yake, ukaota ngozi.
Usiku Mama akasema, "Baba Nsia, tuombee."
Akafumbua kinywa, kinywa kikagoma.
Akachukua tochi, akatoka.
Tukasikia migomba ikichakacha,
akarudi na jani la sale, linadondosha maji.

Sale, kwetu, ni jambo la watu wazima.
Humpelekea uliyemdhulumu kihamba,
ndugu mliyeburuzana mahakamani miaka saba.
Halipelekwi kwa mtoto wa darasa la pili.
Baba akapiga magoti,
magoti yakalia kama bawaba kuukuu,
macho yake yakaja sawa na yangu
(sikuwahi kuyaona kutoka usawa ule, yalikuwa na mishipa)
akasema, "Nimekukosea. Nilikupiga kwa kosa langu mimi."
Hakusema "lakini."
Hakusema "na wewe nawe."

Nikalipokea. Lilikuwa la baridi.
Katika sala, tulipofika pale pa makosa na kusamehe,
sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya Nsia.

Nimesikiliza mahubiri mengi tangu usiku ule,
mengine ya maaskofu.
Ninachoamini juu ya Baba wa mbinguni
nilikiona kwanza sakafuni, karibu na mafiga.

Leo naishi Pasua, vyumba viwili,
bati linatia joto hata usiku,
mlima unaonekana ukipenda wenyewe.
Mlangoni nina sale kwenye kopo la rangi.
Wageni hudhani ni pambo.

Jana nilirudi dukani nimechoka, miguu imevimba,
nikamwita Elisaria mpumbavu
kwa sababu ya glasi moja.
Ana miaka sita. Hakulia.
Aliinama akaanza kuokota vipande kwa vidole,
kimya, kwa uangalifu wa mtu mzima,
na mgongo wake ule mdogo
ndio ulioninyima usingizi.

Asubuhi hii nimechuma jani.
Saruji ni ngumu kuliko udongo wa Nkweshoo.
Nimesema maneno yale yale ya Baba, sikuwa na mengine.
Amelitazama jani. Amenitazama mimi.
"Bado, mama," amesema,
akaenda kutafuta kiatu chake cha kushoto.

Haya. Sale halilazimishi.
Nimeketi kizingitini, jani liko mapajani,
uji unaanza kuchemka
na nyuma yangu namsikia anaburuta kitanda,
anakitafuta kiatu, anajisemesha,
anakuja huku, anarudi, anakuja tena.