Dodoso la Tumbang Hanyi

Siku ya pili majini, Dehen alizima injini
akashuka kusukuma. Kiangazi kimeunywa mto
ukabaki umekonda, mweusi, kama kahawa
iliyosahauliwa jikoni usiku kucha.
Nilitia kiganja; kikatoka na rangi ya kutu.
"Si uchafu," akasema. "Ni majani.
Msitu mzima umejichemsha humu."

Nami nimebeba begi la serikali,
kalamu tano, madodoso mia na ishirini
yamefungwa kwa nailoni yasilowe na mvua
ambayo haijanyesha tangu mwezi wa sita.

Tumbang Hanyi haina mtaa. Ina njia moja ya mbao
juu ya nguzo, na nyumba zimejipanga huku na huku
kama meno ya mtoto wa darasa la pili:
moja imeng'oka,
moja ndiyo inaota,
moja inaelea juu ya magogo, na mwaka jana
ilikuwa ng'ambo.
Swali la nne: namba ya nyumba.
Swali la tano: barabara iliyo karibu.
Nikaandika: mbao.

Nyuma ya kanisa, mnara wa saruji usio na dirisha
unapiga kelele za mbayuwayu kutoka kwenye kanda,
ili mbayuwayu wa kweli waje, wajenge, waibiwe viota.
Walikuja wengi zamani, Dehen anasema.
Siku hizi kanda inajiitikia yenyewe.

Indu Lewi alinitandikia mkeka wa matete,
akanipa wali, kambare mkavu,
na machipukizi ya henzirani, machungu
hata masikio yangu yakasimama.
Alicheka. Nikafungua kalamu.
"Mnalala wangapi humu?"
"Mimi. Lewi, ila yuko kwenye michikichi ya kampuni,
hurudi Krismasi. Mkewe. Wajukuu watatu.
Huyu wa nne si wetu, lakini hula hapa."
"Na mume?"
"Yumo nyumba ndogo," akajibu, bila wivu,
akaelekeza kwa midomo: kibanda cha mti mgumu
juu ya nguzo mbili, kimechongwa ndege paani,
na ndani yake mifupa, imeoshwa, imepumzika.
Dodoso halina mahali pa mifupa.
Nikaandika: mjane.

Alinitazama nikiandika. Kisha akasema,
"Andika na moto."
"Moto gani?"
"Wetu. Una mwaka wa tatu hapa."

Tulivuka mfereji uliochimbwa na watu wa mjini
kuutoa maji msitu, tukaupita mpira, mistari miwili,
mpaka penye miti iliyosimama bila kuungua
na kuanguka bila upepo, mizizi imeliwa.
Tumezoea kusema pafukapo moshi pana moto.
Huku moshi hufuka hapa, moto uko kule,
unatembea kwenye mboji chini kwa chini
kama deni.
"Vua viatu," akasema.
Nikavua. Ardhi ilikuwa na joto
la tumbo la mtoto mwenye homa,
nami nikasimama kama mama asiyejua
amwite nani saa hiyo ya usiku.

"Wali wetu hauli," Indu Lewi akasema,
"ila huwakohoza watoto. Mvua ikija husinzia.
Hajafa. Mwandike."
Niliinamia karatasi. Jina: Moto.
Umri: miaka mitatu. Jinsia, nikaruka.
"Uhusiano na mkuu wa kaya?"
Alifikiri kidogo, akikuna kiwiko.
"Mgeni. Kama wewe.
Ila yeye hakubisha hodi."

Mjini, mkaguzi aliupitia mstari ule mara mbili,
akaukata kwa wino mwekundu, akaniuliza kama
niliumwa malaria huko.
Sikubishana.
Chini ya meza nilikuwa nimevua kiatu kimoja,
wayo wangu ukipapasa vigae vya ofisi:
baridi. Nikauhamisha.
Baridi tu.