Kona ya Kungumanga

Sungura ana rangi ya kungumanga iliyoparuzwa,
na ndilo jina lake,
na siku tatu za mwanzo alininyia nyumba nzima:
chini ya cherehani, juu ya mkeka,
ndani ya kiatu changu cha kushoto,
punje punje, kavu, nyeusi,
hata mteja mmoja aliziokota mbili tatu
akaniwekea mezani: "Bi Mwamtoro,
pilipili manga yako imemwagika."

Nilimfukuza na ufagio.
Alijibanza nyuma ya majora
akajikojolea kwa hofu
juu ya satini ya bibi harusi wa Makorora.
Satini! Ya watu! Na harusi kesho.

Nikaenda Mgandini kwa kijana aliyeniuzia.
Hakuacha hata kupanga vifaranga vyake.
"Humfundishi," akasema, "unamfuata.
Kona keshachagua. Wewe peleka karai."

Basi nikamfuata, mtu mzima na miwani yangu ya kushonea,
nimepiga magoti kama aliyepoteza sindano.
Kweli: mara sita kati ya kumi
ni pale pale, kati ya kabati na ukuta,
anainua mkia kidogo, anatazama mbali
kama anayesubiri chenji.

Nikaweka karai lililopasuka ukingo,
gazeti chini, juu yake randa za mbao
nilizoomba kwa fundi wa Barabara ya Nane,
na kiganja cha punje zake mwenyewe, ajue ni kwake.
Pembeni ukoka mkavu,
maana sungura hula huku akinya,
na hilo si aibu, ndivyo alivyoumbwa.
Kwingine kote nilifuta kwa siki
hata nyumba ikanuka achari.
Nikamzuia kwa ubao: kwanza kona,
kisha chumba, kisha ukumbi.
Ufagio ukakaa nyuma ya mlango.
Akipatia, jani la mchicha.

Mwanakheri, mtoto wa kaka yangu,
miaka saba, kaletwa kwangu kwa ajili ya shule,
ndiye aliyebadilisha gazeti kila alfajiri.
Asubuhi moja nikatoa tena godoro lake uani,
upande wenye ramani nikaugeuzia jua na majirani,
na mdomo wangu ukaanza yale yale:
kikojozi, mkubwa mzima, hata mnyama kakushinda.

Hakulia. Alikuwa amechuchumaa, gazeti mkononi.
"Shangazi," akasema,
"yeye ulimfuata kwanza."

Siku hiyo sindano ilinipotea kweli.

Saa nane za usiku nikamsikia akikaa kitandani.
Nikamfuata bila neno, bila taa.
Alifika mlangoni, akashika komeo, akasimama.
Nje giza tupu. Glopu ya uani imeungua tangu Maulidi,
choo kiko kule mwisho, nyuma ya mapipa,
na paka wanararuana juu ya bati.
Akarudi taratibu,
akabana magoti
kama mtu anayefunga mzigo usiofungika.

Miezi mitano nimefua mashuka
na sijawahi kuuliza.

Glopu, shilingi elfu mbili.
Ndoo ndogo ya bluu, yenye kifuniko, elfu tatu na nusu,
nimeiweka kando ya kitanda chake, kwenye kona
aliyoionyesha mwenyewe kwa kidole.
Randa hahitaji. Mchicha hahitaji,
ingawa aliuliza, akicheka, kama atapewa.

Siku tisa godoro halikuona jua.
Siku ya kumi likaliona.
Na jana Kungumanga, ambaye tulishamsifu kwa watu,
kaacha karai lake, karuka
juu ya suti ya mwalimu mmoja wa Chumbageni,
kaweka punje saba, kashuka.
Mwanakheri akanitazama.
Nami nikamtazama.
Kisha mmoja wetu, sikumbuki nani,
akaenda kuleta siki.