Nusu ya Mkasi

Kilizaliwa mkasi.
Nusu ya mkasi wa kunyolea kondoo;
nusu ya pili ilikatika mwaka wa theluji kubwa,
na Idwal, mhunzi Mwelisi wa bonde la Chubut,
akasema chuma hiki hakitupwi.
Akakipiga, akakipoza ndani ya mafuta ya kondoo,
akakitia mpini uliokuwa mguu wa kiti cha kanisa,
akamuuzia mjomba wangu, Belisario Antieco,
kwa ngozi tatu na ahadi ya ngozi ya nne.
Ya nne haikufika. Idwal alikufa akidai.

Kitazame sasa.
Tumbo limelika. Palipokuwa na upana wa vidole vitatu
pamebaki kimoja na kivuli chake.
Ncha imekwenda upande
tangu siku alipong'olea jiwe kwenye ukwato wa farasi,
akijua fika kwamba kisu si mtaimbo.
Mpini umebonyea pale gumba lake lilipozoea;
gumba langu hulala humo
kama mtoto kwenye kitanda cha wazazi.
Na ala, ile ngozi ngumu, haikukonda pamoja nacho:
kisu kinacheza ndani yake,
kikongwe ndani ya suti ya arusi.
Nimeshindilia kishungi cha sufu, kitulie.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Yeye kaenda mjini kung'oa jino,
na hospitali hawaingii na kisu kiunoni.
Nikasema: nitamfurahisha.
Mchanga, majivu, kitambaa, kutwa nzima,
nikaondoa weusi wa vitunguu,
nikaondoa buluu ya matufaha,
nikaondoa vuli ishirini za damu ya kondoo,
hata nikaona meno yangu kwenye bapa.
Akarudi, shavu limevimba.
Akakichomoa. Akakigeuza. Akakigeuza tena.
Akauliza, "Huyu nani?"

Siku mbili hakukigusa.
Nyama aliikata kwa kile cha jikoni, cha mpini wa plastiki,
mbele yangu, polepole.
Siku ya tatu akaburuta gunia la vitunguu,
akaketi na kibuyu chake cha chai chungu,
akasema, "Anza."
Nikalia kwa vitunguu,
na nyuma ya vitunguu nikalia kilio changu.
Kufikia machweo bapa lilikuwa limeanza kufifia,
rangi ya wingu lililoamua.

Najiuliza chuma kile kilikwenda wapi.
Kinoo kimelika katikati, mgongo wa punda mzee;
kinoo kilichukua fungu lake.
Fungu letu lilishuka chembe kwa chembe
kwenye mkate, kwenye jibini,
kwenye mbavu zilizokaa motoni tangu alfajiri,
kwenye kitovu cha binamu yangu Rayén,
aliyezaliwa njiani, gari limekwama,
upepo unapokonya blanketi mikononi mwa watu.
Tumekila kisu, ndugu zangu.
Daktari wa Esquel alinipima mwaka jana,
akanisifu: damu nzuri, chuma cha kutosha.
Nikacheka mpaka akaniangalia.

Vipya vipo madukani. Vinang'aa,
jina la kiwanda limechorwa ubavuni.
Vijana wa msimu wa kunyoa huja navyo,
na kusema kweli ni vikali kuliko hiki.
Sina ugomvi navyo.

Leo asubuhi mwanakondoo alinaswa na kamba ya marobota,
shingo, mguu, shingo tena.
Nikapiga goti kwenye nyasi kavu,
nikapitisha makali kati ya kamba na manyoya.
Kamba haikubisha.
Nikafuta bapa kwenye suruali,
nikakata mkate kwa kisu kilekile,
nikakirudisha kwenye sufu yake.

Jioni nitakinoa.
Mjomba alikuwa akipitisha mara kumi kila upande.
Mimi napitisha nne.
Nina binti; bado hajaota meno.