Hakijatambuliwa

Saa mbili asubuhi, Wete, umeme umerudi,
na kompyuta ya dirisha la tatu inasema haioni kitu.
Kitu kipo. Nimekishika mkononi:
mashine ya alama za vidole, nyeusi,
ndogo kama kijaluba cha tambuu,
taa yake haiwaki.
Watu ishirini na saba kwenye mabenchi, wengine ukutani.
Afisa Mbarouk ananitazama kama mimi ndiye niliyeificha.

Nachomoa. Nachomeka.
Nabadili waya, naazima wa printa.
Nafungua orodha ya vifaa: kibodi ipo, kipanya kipo,
hata spika iliyokufa mwaka juzi ina jina lake humo,
ila hiki kimewekewa pembetatu ya manjano
na alama ya mshangao katikati,
kama mtu aliyeulizwa, "Wamjua huyu?"
akainua mabega.

Nafuta dereva, naweka mwengine. Nazima, nawasha.
Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka.
"Bado?"
"Bado."
Naihamishia mashine dirisha la kwanza: inawaka pale pale.
Kumbe mgeni mzima, mgonjwa ni mwenyeji.

Napiga magoti chini ya meza na tochi ya simu.
Mlango wa mbele umeota kutu ya chumvi,
na ndani sisimizi wamehamia, wao na mayai yao.
Mswaki, matone mawili ya spiriti.
Bado.
Basi mlango wa nyuma, ule unaotazama ukuta,
ambao hakuna aliyewahi kuutumia.

Ting.

Mlio mdogo tu, lakini benchi zima limeusikia.

"Bi Time Faki Shoka!"
Ametoka Mtambwe tangu alfajiri.
Anaweka gumba. Nyekundu.
"Rudia, mama." Nyekundu.
Cha shahada. Nyekundu.
Anakipangusa kwa kanga, anakipulizia,
anakibonyeza kama anayekamua ndimu.
Kwenye skrini, neno lile lile la asubuhi:
hakijatambuliwa.

Mbarouk ananigeukia tena. Safari hii mashine haina kosa.
Nauchukua mkono wake, naugeuza kwenye mwanga.
Hamna mistari.
Utomvu wa karafuu umeila,
msimu juu ya msimu, pishi juu ya pishi,
na makonyo yakapiga msasa kilichobaki.
Gumba limesuguka kama sarafu ya zamani.

"Basi mie si mtu?"
Anacheka, lakini hacheki sana.
"Karafuu zangu wazitambua. Wazipima hadi gramu."

Nami sijui jengine ila kazi yangu.
"Nipe wa kushoto, mama. Kidole cha mwisho."
"Hicho? Hicho hukaa juu juu tu nikichuma."
Nakipangusa kwa spiriti ile ile iliyofukuza sisimizi,
nakilaza taratibu, sikibonyezi.

Taa inafikiri.

Kijani.

Bi Time anakiinua, anakikagua pande zote.
"Mvivu huyu," anasema,
"ndiye atakayenishuhudia?"

Jioni, madirisha yamefungwa,
niliijaribu mashine kabla ya kuizima.
Gumba langu: kijani, mara moja, bila swali.
Nilikitazama kidole. Mistari yote ipo,
mizima, kama daftari ambalo halijaandikwa.
Nikazima taa, nikatoka,
mkono mfukoni.