Alhamisi, Saa Tano Usiku

Kazi yangu ni kusoma mioyo ya watu waliolala.
Mia mbili na kumi na miwili,
kutoka milima ya mashariki ya Lugo
ambako basi hupita Jumanne tu, likitaka.
Kila mmoja ana kifaa chini ya mtulinga,
kidogo kuliko kiberiti,
na kando ya kitanda kisanduku cheupe
ambacho, mwenyewe akikoroma,
hunong'onezana na wingu hadi alfajiri.

Mzee Amaro Seoane alicheka nilipomweleza.
"Wingu? Binti, wewe umezaliwa Galisia hii hii?
Miaka sabini na tisa naishi chini ya mawingu,
sijaona hata moja linaloweza kufunga mdomo.
Linachokinywa baharini
linakuja kukitapika kwenye viazi vyangu."
Akatia saini hata hivyo. Daktari kasema tia.
Kurasa kumi na tisa, herufi kama mayai ya chawa.
Nami nilimwonyesha pa kutia saini tu.

Machi ndipo nilipoiona ile Alhamisi.
Saa tano usiku: mapigo mia moja thelathini na moja,
robo saa nzima, kisha yakashuka taratibu
kama mtu anayerudisha ng'ombe zizini.
Alhamisi iliyofuata, tena.
Na iliyofuata.
Ugonjwa hausomi kalenda.

Nikapiga simu, ndiyo kanuni.
"Mzee Amaro, Alhamisi usiku ulikuwa ukifanya nini?"
Kimya. Nikasikia saa ya ukutani, nikasikia kuni,
kisha, nyuma yake, mwanamke akakohoa
kikohozi cha mtu anayekizuia.
"Ngazi," akasema. "Nilikuwa napanda ngazi."
Nikaandika: *anapanda ngazi*.

Siri ya mtungi aijuaye kata, husemwa.
Kata ya siku hizi ina antena,
na aliyeishika simjui.

Juni wakaja.
Hawakuvunja dirisha. Walipita mlangoni
kwa nywila tuliyoitumia zamu nzima:
jina la paka wa Sabela na mwaka aliozaliwa paka,
kwenye karatasi ya manjano chini ya kibodi.
Gundi yake ilipochoka, ni mimi niliyeibandika upya.
Wakabeba mioyo yote, hata ya waliokwisha kuzikwa,
ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta.
Hospitali ikatumiwa bei.

Juma zima nikapiga simu nikisoma karatasi niliyopewa.
Eudosia wa kinuni akauliza, "Wanaweza kuuzima?"
Nikajibu hapana, ndivyo ilivyoandikwa.
Mwingine alitaka kujua jambo moja:
je, mwanawe wa Barcelona, anayelitaka shamba liuzwe,
ataweza kuona kwamba mama hapati usingizi?
Hilo karatasi haikuwa na jibu lake.
Nikaisoma tena kutoka juu.

Amaro nilimweka wa mwisho.
"Wamechukua na Alhamisi?"
"Na Alhamisi."
"Na saa?"
"Na saa, na dakika."
Kuni zikapasuka mbali. Akashusha sauti
kana kwamba kisanduku kile chumbani kingemsikia,
na labda hakukosea.
"Na jina?"

Nikafungua faili. Nikamsomea mstari wangu mwenyewe,
pole pole, kama anayesoma wosia:
*anapanda ngazi*.

Nyumba yake naijua, nilikwenda kufunga kisanduku.
Mawe, vyumba viwili, sakafu ya udongo,
kuku anaingia na kutoka bila kuinua mguu.

Usiku ule wingu likaniletea kicheko chake:
saa nane na dakika nne mchana,
mapigo mia moja na kumi na tisa.
Pa maelezo nikapaacha patupu.