Jeupe, Jeusi, Jeupe

Miaka yote nilijua ni wimbo wa koni.
Baiskeli ya aiskrimu ikipanda Mabatini saa tisa,
spika yake ikikwaruza kama kuku mwenye kikohozi,
watoto huchomoka milangoni,
nami nafungua pindo la khanga
kumtafutia Nyanzobe mia mbili yake.

Bi Lushinge, mpiga kinanda wa parokia, alicheka hadi akakaa.
"Kabula, huo una miaka mia mbili!
Aliyeutunga kafa hajaonja hata ukwaju wa kugandisha."
Nikamwambia, basi nifundishe.
Sijui nani alisema kwa mdomo wangu.

Mikono yenyewe ni hii. Zamu ya usiku kiwandani,
minofu ya sangara, barafu,
ikifika saa kumi vidole vimesahau majina yao.
Cha pete kilikatwa mwaka wa mafuriko, hakikunji sawasawa.
"Vioshe kwa ndimu," alisema Bi Lushinge,
"meno ya piano nayo yana pua."

Piano ni kuukuu, imevimba kwa unyevu wa ziwa.
Jino moja upande wa kushoto likishuka halipandi,
sharti uliinue kwa kijiko cha chai.
Na usubi wakija, wingu zima kutoka majini,
wanatua kwenye karatasi.
Mara mbili nimempiga mdudu nikidhani ni noti.

Jeupe, jeusi, jeupe, jeusi, jeupe.
Mwanzo ni huo tu: majirani wawili bombani,
kila mmoja anasema ndoo yake ndiyo ya kwanza.
Mkono wa kulia ulielewa wiki ya pili.
Wa kushoto, punda. Unavutwa, unasimama,
unavutwa,
unasimama pale pale pa jana.
"Usihesabu kwa mdomo. Hesabu kwa tumbo."
Tumbo langu linajua kuhesabu mwisho wa mwezi tu.

Miezi saba.

Jumamosi moja umeme ulikatika mtaa mzima,
mashine ya kusaga ikanyamaza, redio zikanyamaza,
nami nilikuwa katikati,
pale wa kushoto unapompokeza wa kulia mzigo,
na sikusimama.
Punda akavuka.

Nje nikasikia miguu ikishuka mawe, mbio.
Vichwa sita dirishani.
"Mama, baiskeli iko wapi?"
Mdogo kabisa akapenyeza mkono katikati ya nondo,
sarafu ya mia mbili imelowa jasho.

Nilitaka kumrudishia. Nilipaswa.
Lakini mikono hii haijawahi kulipwa
kwa kitu kisichokuwa samaki.
Nikaifumba.

Kisha nikamwita aingie,
nikampa kijiko,
nikamwonyesha lile jino.