Daraja la Tatu

Saa nne usiku Mwanga inapunguza sauti.
Nimeshona sketi kumi na moja za bluu, sare za watoto wa watu,
ya kumi na mbili inangoja zipu.
Nasukuma vitambaa pembeni, nafungua kompyuta
iliyokufa herufi K, betri imevimba kama andazi,
navaa hedifoni inayosikika sikio moja,
nafungua faili niliyoiita chumvi.

Tulikuwa na shilingi hamsini, mimi na Bukuru.
Hamsini moja, pacha wawili,
na Hamenya kinyozi hakuwa na bei ya mapacha.
Dakika kumi kwa saa ya ukutani:
mmoja akae kwenye kiti, mwingine asimame nyuma,
aue mbu, afunge mdomo.
Bukuru alitangulia kuzaliwa, akatangulia kukaa.
Mimi nilibaki na masikio.

Kijitu cha shoka kilipanda mlima mweupe.
Theluji hatukuijua. Tulisema ni chumvi,
mlima mzima wa chumvi, nani ataumaliza?
Na chini ya chumvi ule wimbo,
sauti tatu nyembamba kama spoku za baiskeli:
moja inapanda, moja inaikimbiza,
ya tatu iko chini inagonga, ti, ti, ti-ti.
Tukifika daraja la tatu
daraja linakatika, au Hamenya anakata.
Sikuwahi kujua kipi kilitangulia.
Chwi. Kioo cheusi, sura zetu mbili ndani yake,
na mteja mwenye povu shavu moja anacheka.

Njia nzima hadi Katubuka niliumalizia kwa mdomo,
kila siku mwisho mwingine,
Bukuru akinizaba kofi: "Siyo hivyo!"
Ungejuaje, Bukuru?
Wewe ulikuwa unaanguka.

Mwaka huu nimeupata wote.
Kijana wa stesheni alinitilia kwenye flashi, hakutaja bei.
Nikafunga mlango, nikazima feni, nikasikiliza.
Sekunde arobaini na nane.
Kisha ukaanza upya.
Kisha ukaanza upya.
Hauna mwisho. Ni mduara tu, gurudumu la cherehani.
Walioutunga hawakuuwekea mlango wa kutokea,
walijua wote tutakatiwa njiani.

Nilikasirika kidogo, sijui na nani.
Halafu nikaanza kuufumua.

Sauti ya tatu nimeitoa, mahali pake
nimeweka pedeli ya cherehani ya mama, ta-ka-ta, ta-ka-ta,
nimeirekodi kwa simu iliyovalishwa soksi.
Sauti ya pili nimeipunguza mwendo
hadi inahema kama mtu anayepandisha kutoka Kibirizi na ndoo kichwani.
Dagaa wenyewe wamo.
Nilimwambia Nyabenda, nimwagie kilo mbili juu ya bati,
akauliza nanunua au nasikiliza.
Nilinunua. Wiki nzima tumekula ngoma.
Honi ya meli imo, mbali, imepinda kidogo chini ya wimbo.
Siku tatu nahangaika kuinyoosha,
mwisho nikaiacha. Ziwa halipigwi pasi.

Na daraja la tatu nimeliacha pale pale.
Noti zinakatika kama zilivyokuwa zikikatika,
kimya, urefu wa pumzi mbili,
kisha pedeli peke yake, polepole,
inavuka.

Nimemtumia Bukuru, Uvinza,
anakochemsha chumvi ya kweli zamu ya usiku,
macho mekundu kwa moshi.
Sikuandika neno.
Tiki mbili zikageuka bluu, na hapo hapo
umeme ukakatika, Mwanga yote ikawa giza.

Jibu limeingia saa saba kasoro:
"Hapo kwenye kimya ndipo nilipokuwa nakufa."
Kisha, baada ya muda wa kuongeza kuni:
"Rudisha mwanzo.
Safari hii kaa wewe,
mimi nisimame nyuma."